Chai ya Mjane wa Reli

Bujumbura haina reli, na wageni hunicheka nikiwaambia nawatembeza kwenye njia ya watu wa reli. Huwajibu kwamba chumvi tuliyokula utotoni ilipanda treni hadi Kigoma kabla ya kupanda meli kuja kwetu, na kwamba baadhi ya waliofanya kazi kwenye reli ile walizeekea hapa Buyenzi. Sisi wa mtaa tulipachika vibao vyenye majina yao kwenye nyumba zao. Mimi ndiye niliyechagua kituo cha mwisho: nyumba ya bibi mmoja mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa akibadilisha mataruma, yale magogo ya mbao yaliyooza chini ya reli.

Kituo cha mwisho! Laiti ningefikiri kidogo. Kwetu mgeni haondoki na koo kavu, na kwa bibi yule, aliyeletwa na kibao ni mgeni kama mwingine. Kila Jumamosi nilimletea kundi, naye akatoa chai ya tangawizi na mandazi. Tena mimi, mpumbavu, nikawa nawasifia wageni mandazi hayo njiani.

Jumamosi moja nilitangulia kufika. Nilimkuta uani, kaketi kwenye kigoda, miguu imevimba, anapuliza makaa. Vikombe vilivyopangwa kwenye sinia vilikuwa vya majirani.

"Bibi, kunywa na wewe kidogo," nikamwambia.

"Apana, mi nimefunga. Nalipa siku za Ramadhani, zile nililala mugonjwa."

Sikujua hata kama aliugua. Niliona haya mpaka nikashindwa kuwaeleza wageni habari za mataruma.

Jumatatu nikaenda na bisibisi kukiondoa kibao. Nilidhani natenda wema. Alitoka nilipokuwa nafungua skrubu ya kwanza.

"Mutoto yangu, muzee amekosa nini?"

Nikamweleza: chai, miguu, saumu. Alikifuta kibao vumbi kwa ncha ya kitenge chake.

"Wakati anafanya kazi, hakuna mutu alikuja kumuangalia. Sasa wanakuja, na we unawafukuza?"

Nikairudisha skrubu, nikaomba radhi, nikaondoka nikijilaumu mara mbili.

Jumamosi iliyofuata nilikuja na chupa kubwa ya chai kutoka kwangu, na mandazi ya kununua. Alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akavisukuma chini ya meza. Kisha akawamiminia wageni chai yake. Kikombe changu alinijazia pomoni, nami nikanywa, nikiitazama miguu yake.