Mlingoti wa Kulia, Mechi ya Kushuka Daraja

Jirani yangu hapa Kenton ni mzee wa Kiayalandi aliyekuja London kumwaga zege, akazeekea humu humu. Alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho aliacha kuendesha gari, akaniomba niwe nampeleka uwanjani Jumapili.

"Mpira tu, jirani," alisema.

Mke wangu alicheka. "Baba watoto, wewe ukisikia mpira hata harusi unaiacha."

Mpira wenyewe, huo wa Kiayalandi, sikuwahi kuuona. Wachezaji ni kumi na watano kila upande. Wanaudaka, wanaupiga teke, wanaupiga ngumi. Milingoti ya goli inapanda juu sana kupita mtambaa wa panya. Mpira ukiingia wavuni, pointi tatu. Ukipita juu, katikati ya milingoti, moja. Na siku hizi, ukipigwa kutoka nje ya tao lililochorwa mbali na goli, mbili. Anayeamua kama umepita ni mtu mwenye koti jeupe anayesimama kwenye mlingoti. Hupandisha kibendera, au hutandaza mikono kuonyesha kwamba umetoka. Mechi zisizo na watazamaji wengi, klabu zenyewe hutoa watu hao. Kwa klabu yake, mzee ndiye aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi.

Njiani alinisimulia. Kwa hesabu za mchezo wao, London ni kaunti kama zile za Ireland, bahari iwepo isiwepo. Vibarua waliokuja kujenga barabara na kuchimba mahandaki walianzisha klabu, watu wa upande mmoja wa nyumbani pamoja, wakawa wanagombea ubingwa wa kaunti. Leo utakuta walimu, wauguzi na mafundi umeme, wengi wamezaliwa hapa hapa. Hakuna anayelipwa. Klabu hugawanywa kwenye makundi; zinazoongoza huenda mtoano hadi fainali, na bingwa huvuka bahari kupambana na mabingwa wa kule. Za mkiani hukutana katika mechi moja. Anayefungwa anashuka daraja.

Klabu ya mzee ilikuwa imepoteza mechi zake zote za kundi. Tangu ajiunge nayo akiwa kijana, haikuwahi kushuka.

Siku ya mechi hiyo kulikuwa na manyunyu. Nahodha wao, fundi umeme mwenye ndevu nyekundu, alimpigia mzee kelele kabla ya kuanza: "Mzee, leo hilo jicho jipya litufanyie kazi!"

"Wewe fanyia kazi huo mguu," mzee akamjibu.

Nilisimama nyuma ya goli, hatua chache kutoka kwenye mlingoti wa kulia alipokuwa yeye. Mimi nimekulia Morogoro, kwenye mechi za mchangani, na timu yetu imewahi kubebwa na mwamuzi mbele ya macho yangu, nami nikashangilia. Nilijua nguvu ya mtu anayesimama pale.

Zikiwa zimebaki sekunde chache, klabu ya mzee ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Nahodha akapata mpira nje ya tao. Pointi mbili zingewabakiza kwenye daraja. Akapiga. Ulipanda juu kuliko milingoti, na wote waliokuwa pembeni wakaruka kushangilia. Kutoka nilipokuwa, niliuona ukikata kulia mwishoni, ukapita nje ya mlingoti kiasi cha mkono, kiganja hadi kiwiko.

Mzee akatandaza mikono.

"Mzee!" Nahodha alikuwa anakuja mbio. "Hiyo ilikuwa ndani! Ndani kabisa!"

Refa naye akaja. "Una uhakika?"

"Umetoka," alisema mzee. Hakupandisha sauti.

Refa hakuuliza mara ya pili. Golikipa akaanzisha, mpira ukapigwa mara moja tu, kipyenga kikalia.

Nilijiandaa kumsindikiza mzee. Kwetu, saa kama ile, mwamuzi hutafutiwa mlango wa nyuma. Lakini watu wa klabu walimpita tu, mmoja akamshika bega. Kocha wa wapinzani, waliopona kushuka, alimpa mkono, akaushikilia kidogo, akaenda zake.

Kwenye chumba cha chai kulikuwa na sandwichi ambazo hazikuguswa. Mzee alikaa na chai yake, mimi tu pembeni. Nilitaka kumwambia kwamba nami niliona. Kabla sijafungua mdomo, nahodha akavuta kiti, akakaa mbele yake, bado ana tope magotini.

"Ulitoka kiasi gani?"

Mzee akapima kwa mikono, kiasi kile kile nilichokiona.

"Upepo," alisema nahodha.

"Upepo gani? Uliegemea nyuma. Unaegemea nyuma tangu mwezi wa nne, na nimekwambia."

Watu wa meza ya jirani waligeuka. Nahodha akajifuta uso kwa kiganja.

"Bendera ungeipandisha tu, mzee. Nani angekuuliza?"

"Wewe," alisema mzee. "Ungeniuliza kila Jumapili."

Nahodha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu. "Jumanne njoo mazoezini mapema basi," alisema, kichwa bado chini. "Usimame nyuma yangu, uniambie nikianza kuegemea."