Darasa Lililougua Tumbo kwa Zamu

Muhula ule, watoto wa darasa langu waliugua tumbo kwa zamu.

Siwatanii. Kwa zamu kabisa, kama wanavyofagia darasa. Leo huyu, kesho yule, keshokutwa mwingine, na siku zote tumbo lilianza baada tu ya mapumziko.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nafundisha watoto wa ule umri wa katikati, si wadogo wa kubebwa, si wakubwa wa kuachwa. Asubuhi anakukimbilia akupokee mkoba, mchana mnapishana hata salamu hakupi.

Juu ya vipindi vyangu, mkuu wa shule akanibebesha na chumba cha mapumziko. Zamani kilikuwa stoo ya mipira. Tukaweka kitanda, pazia, mkeka, jagi la maji na meza yangu ya kusahihishia. Mtoto akizidiwa, aje ajinyooshe.

Masharti niliyapanga mwenyewe. Asiyeumwa haingii. Na mgonjwa haji peke yake, maana kuna mmoja aliwahi kuanguka kwenye ngazi. Anakuja na msindikizaji, wanakaa hadi kipindi kiishe, kisha wanarudi pamoja.

Mwanzoni niliingiwa na hofu. Nikamwita nesi wa zahanati ya jirani, akawapima wawili watatu, akavua glavu zake.

"Mwalimu, hawa wazima. Wazima kuliko wewe."

Sikucheka. Nilikuwa hoi. Nilikuwa nasahihisha madaftari huku nasinzia, nikifika nyumbani sina hata sauti ya kuwaitikia wanangu. Halafu na hawa wananichezea shere?

Nikaanza kuwabana. Siku moja akaja binti tunayemwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzima.

"Linauma, mwalimu. Linasokota."

"Wapi?"

Akashika kifua.

"Hilo ndilo tumbo?"

"Limepanda, mwalimu."

Msindikizaji, mara nyingi, alikuwa binti mmoja mpole. Yeye alipita moja kwa moja nyuma ya pazia, akakaa mkekani na mafua yake yasiyoisha, kimya. Nilidhani wenzake wanamtumikisha kwa upole wake. Niliwahi kumwambia, "Mwanangu, hayo mafua si ya kawaida, mwambie mama akupeleke hospitali."

"Ndiyo, mwalimu," akasema, basi.

Mwishowe nikamfuata mkuu ofisini.

"Chukua chumba chako. Watoto wanakitumia kutega vipindi."

Mkuu alikuwa anakimezea mate siku nyingi, aweke mashine ya kuchapia mitihani. Akaniambia kesho atamleta fundi abadilishe kitasa. Nilitoka pale nikiwa mwepesi, sitawadanganya. Mzigo mmoja umepungua.

Kesho yake nikasimama mlangoni, ufunguo mkononi. Nikasema leo ni leo.

Mapumziko yakaisha, na hao wakaja. Redio amejikunja, yule mpole amemshika mkono.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Tumbo?"

"Tumbo."

"Chumba kimefungwa. Mchezo umekwisha. Rudini darasani."

Nilitegemea ubishi. Redio akanyooka wima, tumbo limepona palepale, akanitazama usoni.

"Sawa, mwalimu. Mimi narudi. Hata ukitaka kuniadhibu, niadhibu. Ila huyu mwache aingie."

"Huyu anaumwa nini?"

"Haumwi."

"Sasa aingie kufanya nini?"

Redio akamgeukia mwenzake. Aliyejibu ni yule mpole, macho yako sakafuni.

"Kulia, mwalimu."

"Unalia nini, mwanangu?"

"Kaka."

Kaka yake alifariki wakati wa likizo. Nilijua! Walimu tulikwenda kutoa pole, tukakaa kwenye viti vya kukodi, tukarudi, tukaendelea na sehemu na desimali. Mtoto alipoanza tena shule tukaambizana kwamba anaendelea vizuri, hana usumbufu.

"Nyumbani hulii?"

"Mama akiniona nalia, na yeye anaanza upya. Halafu hali chakula. Kwa hiyo nyumbani silii."

Redio akadakia. "Alikuwa anajifungia chooni, mwalimu. Kule kunanuka, na wale wadogo wanagonga mlango. Tukasema bora aje huku. Lakini wewe ulisema asiyeumwa haingii, na yeye hataki kukudanganya. Ndiyo tukapanga tuumwe sisi, yeye atusindikize."

"Darasa zima?"

"Wote. Hata wale niliogombana nao."

Kumbe aliyelala kitandani hakuwa mgonjwa wangu. Mgonjwa wangu alikuwa nyuma ya pazia, na mimi nipo hapo hapo mezani natia alama za vyema. Niliona aibu kubwa, na hasira zote nilizokuwa nazo zikanigeukia mimi.

Nikafungua mlango. Akaenda nyuma ya pazia, na safari hii nikamfuata. Nikakaa mkekani, magoti yakalia yote mawili. Nikamshika bega, akalia, tena kwa sauti. Na mimi nikalia, sijui nilimlilia kaka yake au nilijililia mwenyewe kwa uchovu.

Redio akachungulia. "Mwalimu, mimi je, nirudi darasani?"

"Umepona?"

"Nimepona."

"Basi kaa."

Mara mkuu akafika na fundi wake, boksi la vifaa mkononi. Nikatoka nikiwa bado najifuta macho.

"Si ulisema umechoka na chumba hiki?"

"Nimechoka kweli, mkuu. Lakini fundi arudi tu, ufunguo sitoi."

Akatazama chini ya pazia, akaona viatu vya watoto wawili, jozi moja imefungwa kamba, nyingine haijafungwa. Kile kilio akakisikia. Akamgusa fundi begani, wakaondoka. Mashine ya mitihani iko ofisini kwa walimu mpaka leo, inatupigia kelele, na mimi uchovu wangu ninao uleule.

Nawaandikia walimu wenzangu, na wazazi mnaosoma hii kwenye simu mkiwa hoi kama mimi. Watoto wa umri huu wanaonana wenyewe kwa wenyewe kabla sisi hatujawaona, na wakati mwingine masharti yetu ndiyo yanayowafundisha kudanganya. Mtoto wa hivyo hatakuja kukwambia kwamba ameumia. Atamleta mwenzake. Ukishamhudumia anayelalamika, mgeukie na aliyemleta umuulize: na wewe, mwanangu?

Akisema yuko sawa, usiinuke haraka.