Sanduku Langu Lilipanda Lifti, Mimi Nikapanda Ngazi

Mimi siogopi kitu chini ya jua. Andikeni mahali.

Ni fundi wa lifti. Nimening'inia kwenye mashimo marefu kuliko orodha ya wapenzi wako wa zamani.

Sasa kwa nini sanduku langu la vifaa lilikuwa linapanda lifti peke yake? Tulia.

Kazini kwetu sheria ni moja: fundi akimaliza kutengeneza lifti, yeye ndiye wa kwanza kuipanda, halafu anasaini kadi iliyobandikwa ghorofa ya nane.

Mimi nilikuwa naweka sanduku ndani, nabonyeza nane, nachomoka kabla mlango haujafunga. Kisha ngazi, mbio, ulimi nje. Nalipokea sanduku, nasaini. Mjanja, eti.

Chanzo? Nilikwama kwenye lifti na mzee aliyenifundisha kazi. Alikuwa na pumu. Saa mbili nzima nilimshika mkono, mpaka ukapoa.

Tangu siku hiyo mlango wa lifti ukinifungia, pumzi yangu nayo inafunga.

Dada yangu, muuguzi, akaniambia, "Mdogo wangu, kamwone mwanasaikolojia pale hospitalini."

"Dada, mimi kichaa? Nikakae kwenye kiti nihadithie utoto wangu?"

Nikaenda kwa kocha wa maisha.

Suti ilimbana mpaka vifungo vinaomba msamaha. Ukutani, cheti cha kozi ya siku tatu ndani ya fremu ya dhahabu.

Nikaanza, "Kocha, kuna mzee wangu alifia mikono..."

Akaninyanyulia kiganja. "Hapa hatuongelei yaliyopita! Gonga kifua! Sema, mimi ni tai!"

"Mimi ni tai."

"Jirani asikie!"

"MIMI NI TAI!"

"Tai anaogopa kupaa?"

"Haogopi!"

"Umepona!"

Nikatoka pale tai kamili. Dada alipouliza, nikamjibu kwa dharau, "Wewe baki na wanasaikolojia wako. Mimi nimemaliza ndani ya nusu saa."

Kesho yake nikatengeneza lifti ya jengo letu. Nikaingia. Nikagonga kifua. Mlango ukaanza kufunga.

Tai akaruka nje kama panzi.

Sanduku likapaa. Mimi, ngazi.

Nafika ghorofa ya nane, bosi huyo, amesimama kando ya kadi.

"Umeipanda?"

"Mara tatu, bosi. Laini kama siagi."

Akanipa kalamu. Nikainama kusaini.

"Subiri kwanza."

Alikuwa mama wa usafi, fagio la deki mkononi. Asubuhi husafisha hospitalini, mchana jengo letu.

"Mwanangu, wiki sita nafuta nyayo zako za grisi kwenye ngazi hizi. Nilikufichia, nikasema kijana ana lake moyoni. Lakini mjukuu wangu anapanda hiyo lifti. Nani ameijaribu? Sanduku?"

Bosi akaangalia ngazi. Nyayo mbichi, moja moja, mpaka miguuni pangu.

Akaninyang'anya kalamu. Akaipanda lifti mwenyewe, chini na juu, mimi nikitazama taa za namba huku jasho likinitoka. Aliporudi akasaini, akasema, "Usirudi kazini mpaka uweze."

Mama akaegemeza fagio ukutani. "Na hilo la moyoni, ulikwenda kwa nani kutibiwa?"

"Kwa kocha."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kocha ni wa mchezaji mzima, baba. Aliyevunjika mguu anapelekwa uwanjani?"

Hilo ndilo somo, na bure nawapa. Kama u mzima na unataka tu kukimbia zaidi, tafuta kocha, lakini si yule wa tai. Kama umevunjika, nenda kwa anayejua kuunga. Mimi kwa kiburi changu nililipia kelele.

Jumanne nikaenda hospitalini. Mwanasaikolojia alikuwa mama wa makamo, viatu flati, ukuta mtupu. Hakunigongesha kifua. Aliuliza tu, "Huyo mzee wako, alikuwa mtu wa namna gani?"

Basi.

Nilipotoka, mama wa usafi alikuwa anasukuma ndoo yake mlangoni. Akanitazama usoni.

Nikawahi, "Vumbi, mama. Limeniingia machoni."

"Vumbi gani? Chumba hicho nimekipiga deki mimi mwenyewe leo asubuhi."