Debe Lililovuja Makambini

Manasseh Onchiri ulimsikia kabla ya kumwona. Ko, ko, ko, upande wa josho kule chini ya barabara ya Suneka. Kimya kidogo, halafu ko, ko, ko tena. Watu shambani waliinua vichwa wakasema, yule anatoboa, wakaendelea kupalilia.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Ng'ombe wa mlima mzima walipelekwa joshoni kuogeshwa dawa ya kupe, na dawa ililetwa kutoka Kisii kwenye madebe. Ilikuwa sumu hasa. Kuku wa Mong'ina, jirani wa josho, alidonoa tone moja ukingoni, hakufika nyumbani. Ndiyo maana serikali ikatoa msaada: waya wa kuzungushia shimo la taka, na mshahara wa mtu mmoja wa kuangalia kama sheria inafuatwa. Sheria ilitaka kila debe likiisha dawa litobolewe chini na kufukiwa, lisije likatiwa chakula. Kila mwaka mkaguzi angetoka Kisii kuja kutazama. Akiridhika, anatia sahihi, na msaada unakuja tena.

Makori, mwenyekiti wa kamati ya josho, ndiye aliyemchagua Manasseh. "Nataka mtu asiye na maneno," alisema. Na kweli maneno hakuwa nayo.

Alikuwa mrefu, mgongo umeinama kidogo, na alinuka. Harufu yenyewe ilikuwa ya mafuta ya taa yaliyochanganyika na ndizi zilizooza, na hata aoge vipi haikumtoka. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi wakati mengine yamejaa. Hata binti yake Kemuma alikula uso ameugeuzia mlango. Manasseh hakukasirika. Alijiambia ananuka yeye ili wengine wasinuke.

Kila debe alilipiga matundu matatu, yamekaa kama mafiga. Mtu angeweza kupiga moja tu likatosha, lakini ndivyo mkono wake ulivyozoea.

Wanawake hawakumpenda. Siku hizo debe lilikuwa mali: la kuchotea maji, la kuwekea wimbi, la kupimia mahindi sokoni. Eucabeth, aliyekuwa mpishi wa kanisa, alisimama siku moja kwenye lango la josho na kikapu kichwani.

"Wewe mtu wa msumari, una roho gani? Debe linang'aa hivi, unaliua?"

"Hilo si debe, mama. Ni sumu yenye mkono wa kushikia."

"Basi nipe huo mkono, sumu ubaki nayo!"

Wenzake wakacheka mpaka wakashika magoti. Manasseh akaendelea kupiga.

Waya wa shimo haukufika shimoni. Aliuona umezungushiwa kabichi za Makori, umevutwa vizuri, nguzo zimenyooka. Akajikaza akauliza.

"Mbuzi wanakula kabichi, Manasseh," Makori alimjibu. "Shimo nani atalila?"

Akarudi kazini. Na shimo halikujaa. Alifukia, akashindilia kwa buti, lakini wiki ikiisha alikuta udongo umelegea na umeshuka. Alijiambia ni mvua. Kisii mvua haikosekani, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuamini.

Mkaguzi alipokuja alishuka kwenye gari akiwa na kitambaa puani. Hakulikaribia shimo. Alipindua debe moja kwa kijiti, akatazama chini. "Moja, mbili, tatu. Safi sana." Akatia sahihi juu ya boneti, kisha akaenda kwa Makori kula kuku. Vicheko vyao vilifika hadi joshoni.

Ukaja Agosti, wakati wa makambi. Waadventista walishuka kutoka kila upande na magodoro na masufuria yao, wakajenga vibanda vya nyasi kwenye uwanja wa kanisa. Ijumaa asubuhi palipikwa sana, maana Sabato moto hauguswi. Eucabeth alikoroga uji wa wimbi kwenye sufuria kubwa, na vijana wakaumimina kwenye madebe ili upelekwe upande wa watoto.

Manasseh alikuwa amekaa peke yake, kama kawaida. Aliwaona watoto wamepanga foleni na vikombe. Kemuma alikuwa wa tatu. Debe la mbele lilikuwa limewekwa juu ya mawe mawili, na chini yake uji ulikuwa unadondoka.

Ulidondoka mahali patatu. Mafiga.

Akasogea. Juu ya uji palikuwa na povu jeupe.

"Leo mmetia maziwa!" mtoto mmoja alisema kwa furaha.

Hayakuwa maziwa. Ilikuwa sabuni. Matundu yake yalikuwa yamezibwa kwa vipande vya sabuni ya kufulia. Kwa maji baridi sabuni inashika, lakini uji wa moto umeiyeyusha. Eucabeth aliinama, akakandika kibonge cha ugali chini ya debe kwa kidole gumba, akajifuta kwenye kanga. Harufu ile ikapanda na mvuke, ile ile ya mwili wake Manasseh.

Mtoto wa kwanza alikuwa ameshainua kikombe. Manasseh akakipiga kikaruka, kisha akalipiga debe teke. Uji ukatapakaa majanini.

"Uui! Chakula cha watoto!" Eucabeth alipiga kelele. "Amerukwa na akili huyu!"

"Umelitoa wapi hili debe?"

"Nimenunua! Kwa mwenyekiti, kama kila mtu. Ulidhani nimeiba?"

Watu wakamgeukia Makori, aliyekuwa amevaa suti yake ya makambi. Hata hakubadilika uso.

"Ndugu zangu, madebe yale yameoshwa kwa majivu. Na yalikaguliwa na serikali, hata mkaguzi alisema safi sana. Huyu mzee amekaa na dawa muda mrefu, imempanda kichwani. Mpeni maji."

Wakampa maji. Yalikuwa kwenye debe.

Manasseh hakungoja mahubiri. Alimshika Kemuma mkono, akampeleka nyumbani, akanoa shoka. Sabato ilipopita, Jumapili alishinda shimoni. Alifukua madebe yaliyobaki akayapasua moja moja mpaka yakawa mabati yaliyokunjamana, yasiyoweza kushika hata umande. Hakupiga ko, ko, ko. Ilikuwa kishindo, na watu walisimama barabarani kusikiliza.

Jumatatu Makori alimleta mkaguzi mbio. Mkaguzi alitazama lile rundo, kitambaa puani.

"Matundu yako wapi?"

"Hakuna debe, bwana. Kitatobolewa nini?"

"Sheria inasema matundu. Nikiandika hakuna matundu, msaada unakatika."

"Toboa basi, Manasseh," Makori alisema kwa upole, kama anayesema na mtoto. "Machache tu, ya kuonyesha."

Manasseh alitazama yale mabati, akamtazama Makori na viatu vyake vinavyong'aa. Akauchukua msumari na nyundo, akaviweka mkononi mwa mwenyekiti.

"Toboa wewe."

Akaondoka na shoka lake. Kazi ilikwisha hapo, na hakuna aliyehitaji kumwambia. Akiwa mbali kwenye migomba alisikia nyuma yake ko, ko, ko, pole pole, ya mtu asiyezoea nyundo.

Nyumbani mkewe, Nyamoita, alikuwa amesimama mlangoni. Mbele yake palikuwa na debe limepinduliwa, matundu matatu yameangalia juu, yamejaa sabuni iliyokauka.

"Tangu mavuno, Baba Kemuma," alisema, macho chini. "Nilikuwa nalificha nyuma ya ghala. La maji ya kunywa. Harufu nilidhani ni yako."

Manasseh aliinama akainusa sabuni. Kemuma alikuwa amekaa jikoni, kikombe kitupu mapajani, anawatazama. Manasseh akageuka pembeni, akatapika kwenye majani ya viazi mpaka hakikubaki kitu. Alipomaliza alijifuta mdomo, akamwambia mkewe asogee mbali na debe, akainua shoka.