Kishikio cha Ndani

Mpaka leo naikumbuka asubuhi ile ya Februari, mwanangu, asubuhi niliyogonga kifuniko cha bati mara mbili kwa vidole, nikatabasamu, nikaenda zangu kunywa chai. Nimekaa na jambo hili miaka mingi. Nilimsimulia baba yako kabla hatujaoana, ili ajue anamwoa nani, na baada ya hapo nikanyamaza. Sasa wewe umepata kazi ya kuchora milango ya lifti, na juzi ulipotandaza michoro yako mezani nilikuona umevimba kichwa vilevile nilivyovimba mimi. Ndiyo maana nakuandikia. Najua utanijibu kwa Kiingereza. Nijibu tu, mradi usome mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na nane, nimepanga chumba huku ugenini, mtaa wa Don Mills, kwa mama mmoja wa Kitanzania aliyenihesabia dakika za kuoga, na nilikuwa mchoraji katika karakana ya bati huko North York. Kazi yetu kubwa ilikuwa mabomba ya kupitishia hewa kwenye majengo. Nilikuja na cheti cha ufundi kutoka Dar es Salaam, hapa wakakikataa, nikasoma yaleyale tena jioni kwa miaka miwili. Kwa hiyo nilikuwa na kiburi cha mtu aliyesoma kitu kimoja mara mbili.

Siku moja jumba dogo la makumbusho, huko kando ya ziwa, likatuletea kazi ya ajabu: tutengeneze nakala ya mashua ya zamani ya kuokolea abiria wa meli zilizovunjika. Mimi nikadhani ni mashua ya wazi yenye makasia. Nilipofungua mchoro nikashtuka. Ilikuwa mashua ya bati iliyofunikwa juu kote, yenye mlango mmoja mdogo mgongoni. Enzi hizo meli ikikwama karibu na pwani na bahari imechafuka, watu wa nchi kavu walirusha kamba mpaka melini na kuitundika mashua ile kwenye kamba. Abiria watatu wanne wakaingia, wakalala gizani, kifuniko kikafungwa juu yao, kisha wakavutwa katikati ya mawimbi mpaka ufukweni. Maji hayakuingia. Hewa nayo haikuingia. Mle ndani walikuwa na ile waliyoingia nayo tu. Nilimsimulia mama aliyenipangisha, akashika kifua, akasema yeye angebaki na meli yake.

Katika mchoro ule wa zamani, fimbo ya chuma ilipita kwenye kifuniko, juu ina kishikio na chini ina kishikio. Aliyeko nje aliweza kufungua, na aliyeko ndani pia. Sasa makumbusho walitaka kulaza sanamu tatu humo ndani, mwanamume, mwanamke na mtoto, watu waje wachungulie. Nilipopima, nikaona kile kishikio cha chini kinagusa paji la uso la sanamu ya mwanamke. Nikakitoa. Badala ya fimbo nikachora komeo la springi, ili mfanyakazi wa makumbusho akiachia kifuniko kijifunge chenyewe, pap! Ukingoni nikazungusha mpira, kikabana hata mwanga haupiti. Bosi wetu alisifu, na mimi nikatia sahihi yangu kwenye mchoro kwa herufi kubwa.

Aliyelifua bati lenyewe alikuwa Papa Byaombe. Huyu alikuwa mzee wa Uvira, Kongo, mfua bati tangu ujana, aliyetengeneza masanduku ya wanafunzi na mabeseni kabla vita havijamtoa kwake. Hapa aliishi mtaa wa Lawrence Heights na binti yake Furaha, aliyekuwa akitunza wazee majumbani kwao. Karakana nzima tuliozungumza Kiswahili tulikuwa wawili, ingawa yeye alikicheka cha kwangu na mimi nilikicheka cha kwake. Alikuwa na tabia moja: kabla ya kuingia ndani ya kazi yoyote kubwa alivua buti zake na kuziweka chini, zimekaa pamoja, ili asikwaruze bati. Wenzetu walimtania kwamba anaingia msikitini, na yeye alikuwa mzee wa kanisa.

Siku aliyoletewa mchoro wangu aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaja na kalamu yake ya kuandikia kwenye bati, akanionyesha pale kwenye kifuniko.

“Na mutu mwenye iko mule ndani,” akauliza, “atafungula na nini?”

“Papa, humo hakuna mtu. Ni sanamu.”

Akaniambia kwamba yeye aliwahi kuvuka ziwa amefunikwa turubai pamoja na watu wengi, na alichokuwa akitafuta usiku kucha ni mahali mkono wake ungeweza kuinua turubai. Nilimsikiliza huku nikipanga karatasi zangu. Kesho yake akaniuliza tena, kwa adabu ileile, na mimi nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba mchoro umeshapitishwa. Mwanangu, baba yangu mzazi nisingemjibu hivyo. Lakini mzee huyu hakuwa na cheti cha hapa, na mimi ninacho, na tayari nilikuwa nimejifunza ubaya huo bila mtu kunifundisha.

Basi asubuhi ile ya Februari, theluji imejaa mpaka madirishani, nikaona ncha za ribiti, ile misumari ya kuunganishia bati, zimechomoza ndani ya mashua, nikaogopa zitachana nguo za sanamu. Nikamwomba Papa Byaombe aingie azigonge zilale. Mimi mwenyewe ndiye niliyemtuma. Akavua buti, akategemeza kifuniko kwa kipande cha ubao, akapanda ngazi ndogo, akaingia na nyundo na tochi. Mimi nikarudi kwenye meza yangu upande wa pili. Nikaanza kusikia nyundo, nikafurahi kwamba kazi inakwenda.

Karakana ya bati, mwanangu, ni mahali pa kugonga. Kuanzia asubuhi mpaka jioni kila mtu anagonga, mashine zinakata, redio inapiga juu ya hayo yote. Mtu akigonga, anafanya kazi. Ukisikia kimya ndipo unapogeuka kuona kuna nini. Kwa hiyo nyundo ya Papa Byaombe iliposikika kwa nguvu zaidi, nilichofanya ni kuvaa vizuia kelele masikioni na kuendelea na hesabu zangu.

Baadaye nikainuka kupeleka karatasi kwa bosi. Njia ilipita kando ya mashua. Nikaona kifuniko kimefungwa. Nikadhani mzee ameshamaliza na kutoka, na ile nyundo niliyoisikia iko kwenye meza yake nyuma ya rafu za bati. Nikasimama. Nikakitazama kile kifuniko kilivyokaa, kimebana sawasawa, kazi yangu. Nikakigonga mara mbili kwa vidole, kama unavyompigapiga mtoto mgongoni akifanya vizuri, nikapita.

Niliporudi, nyundo ilikuwa imenyamaza. Nikasema moyoni, haya, mzee kaenda chai. Nikachukua kikombe changu, nikaenda kwenye chumba cha kulia. Chupa yake ya chai ilikuwa juu ya meza, haijafunguliwa. Mkate wake uko kwenye karatasi. Nikamuuliza kijana wa Kimeksiko aliyekuwa akipasha chakula kama amemwona, akatikisa kichwa. Nikaenda kwenye meza ya mzee, hayupo, wala nyundo yake haipo. Nikapita tena kando ya mashua, na safari hii macho yangu yakaenda chini. Kile kipande cha ubao kilikuwa kimeanguka sakafuni, na kando yake buti zake, zimekaa pamoja.

Sijui nilipandaje ngazi. Nakumbuka komeo langu lilivyofunguka kwa wepesi, kidole kimoja tu, na joto lililonipiga usoni, na harufu ya jasho. Tochi ilikuwa bado inawaka. Papa Byaombe alikuwa amelala chali, midomo ya kijivu, macho wazi hayaangalii kitu, nyundo imelala juu ya kifua chake. Upande wa chini wa kifuniko, pale ambapo kishikio kingekuwa, alikuwa ameligonga bati mpaka likabonyea, na palikuwa na damu ya vidole. Nilipiga kelele ambayo sijapiga tena maishani, hata nilipokuzaa wewe. Watu walikuja, wakamtoa, mmoja akampulizia pumzi, mwingine akapiga simu ya dharura. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nimezishika buti.

Alipona. Nakuambia mapema usipate taabu, maana mimi nilikaa siku nzima sijui. Lakini nilipokwenda Lawrence Heights kumwona, wiki iliyofuata, nikiwa na machungwa na hotuba yangu ya kuomba msamaha, ndipo nilipopigwa kweli. Furaha alinifungulia mlango bila kunisalimu, na hakuufunga nyuma yangu. Ulibaki wazi, baridi ya ukumbini inaingia. Mzee alikuwa kwenye kochi na blanketi. Akaniacha niseme yote, kisha akasema taratibu tu:

“Nilikusikia. Viatu vyako ninavijua. Ulipiga mara mbili. Nikasema, mutoto amenisikia. Nikaacha nyundo, nikangojea ufungule.”

Hadi dakika ile nilidhani kosa langu ni kutomsikia. Kumbe nilimjibu. Alikuwa bado ana nguvu za kugonga, na mimi nikamfanya aache. Alilala pale gizani kwa utulivu akimalizia hewa yake kidogo kidogo, kwa sababu aliamini nakuja.

Nikamwuliza kwa nini hakunifokea siku ile nilipomjibu vibaya. Akanijibu:

“Nilikuuliza mara mbili. Haukuniangalia. Uliangalia karatasi.”

Akamwambia Furaha aniletee chai.

Bosi alikuwa ameshaanza kusema kwamba mzee alijitakia, ameingia mahali panapofungika bila kuweka mtu wa kumlinda. Nilikwenda ofisini kwake nikamwambia nani alimtuma, na nani aliulizwa kuhusu kishikio mara mbili, na sahihi ya nani iko kwenye mchoro. Alinifokea mpaka karakana nzima ikanyamaza. Kisha akaniondoa kwenye meza ya kuchora mpaka kiangazi, nikawa nafagia vipande vya bati, na nilivifagia vizuri.

Lakini mashua ile niliiomba niimalize mimi, naye akakubali. Nikarudisha fimbo ya chuma kama ilivyochorwa na wale wa zamani, ambao angalau waliwahi kuona watu wakifa maji. Papa Byaombe aliporudi kazini nikamwomba asimame tu karibu. Nikavua viatu. Nikaingia, nikalala chali, nikamwambia afunge.

Giza lile sikulitegemea. Nilikuwa nimelichora mwenyewe, nimejisifu kwamba hata mwanga haupiti, na bado sikulitegemea. Mkono ukatafuta kishikio ukakikosa, ukatafuta tena. Na juu ya bati, kwa mbali, nikasikia sauti. Papa Byaombe alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kifuniko, anaita jina langu, tena na tena, bila kupumzika, ili nijue kwamba yuko pale. Hakugonga. Nilipofungua nikamkuta analia, na mimi nalia, na wafanyakazi wengine wanajifanya wanatafuta vifaa.

Mashua ile bado iko makumbusho. Sanamu ya mwanamke tuliigeuza kichwa pembeni kupisha kishikio. Hakuna mgeni anayekiona. Papa Byaombe aliishi miaka mingine kumi na kitu, na mpaka alipofariki hakulala tena katika chumba chenye mlango uliofungwa. Hata kwenye mazishi yake Furaha aliwaomba wenye kanisa waache milango wazi, na ilikuwa Januari, tukakaa na makoti, na hakuna aliyeuliza.

Sasa nisikilize. Milango yako ya lifti, kabla hujatia sahihi, nenda ukasimame ndani yake, izimwe taa, ifungwe. Usikubali kuambiwa humo hatakuwamo mtu. Na akija mtu asiye na karatasi kama zako akuulize swali dogo, acha kalamu, mtazame usoni, na akiuliza mara ya pili acha kazi kabisa mpaka umemwelewa. Lakini lililo kubwa zaidi, mwanangu, na ndilo linaloniamsha mpaka leo, ni hili: usimpe mtu dalili kwamba umemsikia kama huji kumfungulia. Usimwambie mtu “pole, nitakupigia” ukaenda zako chai. Ataacha kupaza sauti kwa ajili yako.

Mungu akubariki, mwanangu, wewe na kila utakachochora. Watakaoingia humo watoke salama wakiwa hawajui hata jina lako. Na ikitokea siku wewe ndiye uliye ndani, akupe mtu wa kuweka kiganja chake juu ya kifuniko na kukuita, asinyamaze, mpaka utoke.