Mkasi Wenye Meno

Mwenye saluni alitandika taulo mezani, akaweka mikasi mitatu juu yake. "Chagua wako. Leo unakata kichwa," aliniambia. "Ukiharibu, unarudi kwenye beseni."

Tangu nimalize darasa la saba nilikuwa nikiosha vichwa vya watu humo. Kazi ya beseni niliipenda, kwa sababu mtu anayeoshwa hufumba macho na hakutazami.

Mkasi mmoja ulikuwa wa kupunguzia nywele nzito. Mwingine ulikuwa mrefu, unang'aa, makali yake laini kabisa. Huo ndio aliokuwa akiutumia mwenyewe, akifumba vidole mara moja shungi zima linaanguka. Wa tatu ulikuwa mfupi na umechakaa. Ukipitisha ukucha kwenye makali unasikia vimeno vidogo, kama vya msumeno. Nilichukua ule mrefu. Nilitaka mkono wangu ufanane na wake.

Saluni yetu ni chumba kimoja cha chini katika uchochoro wa Mji Mkongwe. Mlangoni kuna pazia, maana wanawake hukaa humo vichwa wazi. Mteja aliingia, mama mtu mzima kutoka Makunduchi, amekonda, buibui limemzidi.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Wewe ndiye utakayenikata?"

Mwenye saluni alinijibia: "Ndiye, Bi mkubwa. Mkono wake mpole."

"Upole nnautaka. Lakini unywele wangu haubaki hapa hata mmoja. Nnaondoka nazo zote."

Alitoa kanga mbili mkobani. Moja aliitandika chini ya kiti, nyingine akajifunika mapajani. Akataka feni izimwe. Kisha akatueleza, bila kututazama, kwamba ameumwa muda mrefu na nywele zinamtoka kwa mafungu, na kwamba watu wamemwambia kuna aliyeokota nywele zake akazifanyia mambo. Mwenye saluni alitaka kucheka, akaacha. Mimi sikuwa na cha kucheka. Kwetu pia nywele huzikwa, na tangu mdogo nimeambiwa kwa nini.

Nilishika fungu la kwanza. Mkono wangu hufumba polepole, ndivyo nilivyo, hata kuandika naandika polepole. Mkasi laini hautaki mkono wa namna hiyo. Nywele ziliteleza mbele ya makali zikakimbilia nchani, chache zikakatika na kuruka. Wakati huohuo jirani alifunua pazia kuuliza kama tuna maji, na upepo wa uchochoroni ukaingia.

"Funga!" alipiga kelele yule mama.

Pazia lilishuka. Nilitazama kanga ya chini, nikatazama ya mapajani. Nywele nilizokata hazikuwepo.

"Zimetoka nje?" aliuliza.

"Sijui, Bi."

Mwenye saluni alipiga magoti. "Zitaonekana tu, si panya hizo." Nami nilitafuta, chini ya meza, nyuma ya beseni. Mama mwenyewe hakutafuta. Alikaa kama mtu anayesubiri majibu ya daktari, akijitazama kwenye kioo. Nilifikiri: zikiwa zimetoka, na huyu akafa, itakuwa ni mimi.

"Nyanyua mkono," alisema ghafla.

Nilinyanyua. Nywele zilikuwa zimenata kwenye jasho, chini ya kiwiko changu. Alizibandua kwa vidole viwili.

"Kumbe mchawi wangu ni wewe!"

Mwenye saluni alicheka sana. Mimi sikuweza, kwa sababu mama hakucheka.

Niliuweka chini mkasi mrefu, nikachukua ule mfupi.

"Huo wa kujifunzia?" alisema mwenye saluni. "Utatuweka mpaka alasiri!"

"Mwache," alisema mama. "Mimi sina haraka. Nywele zangu ndizo zenye haraka."

Vimeno vilizishika nywele zisiteleze. Nilifumba polepole nilivyozoea, zikakatika zikabaki vidoleni mwangu, nikazilaza kwenye kanga. Fungu dogo, kisha jingine. Adhana ya adhuhuri ilitukuta sijavuka sikio.

Nilipomaliza alikusanya kanga zake, akakagua nyayo zake na zangu. "Lete mkasi," alisema. Aliupanua. Kwenye kiungo palikuwa na nywele mbili fupi. Vimeno vilikuwa vimeshika na zile ambazo sikuziona. Alizichomoa, akazitia kangani, akafunga fundo.

Mlangoni aligeuka. "Nikiumwa tena, ntajua pa kuja kuuliza."

Sauti ilikuwa ya utani. Macho sijui. Alipoondoka nilifagia kwa viganja, si kwa ufagio. Nikafagia tena.

"Hamna kitu humo, mwanangu," alisema mwenye saluni. Nikasogeza kiti, nikafagia pale kilipokuwa.

Baada ya hapo kila aliyepiga hodi alinishtua. Mpaka siku moja sauti ikawa yake, nami nikajibanza nyuma ya beseni.

"Yuko wapi yule wa mkasi wenye meno?"

"Naam," niliitika, kwa sauti ndogo.

Nilimtazama uso kwanza. Ulikuwa umejaa kidogo. Alivua buibui, akatandika kanga zake, akakaa. Niliupanua mkasi mbele yake, nikamwonesha kiungo kitupu kabla hajaniambia.

"Zima feni," alisema.

Niliizima. Kisha nikashika fungu la kwanza, polepole nilivyozoea.