Kumtafuta Mama Ukutani Kyuso

Mama yangu Mwikali alifariki kwa kifua kikuu nikiwa bado nanyonya, na hakuacha hata picha moja. Miaka ya themanini, mimi nikiwa tayari fundi cherehani hapa Kasikeu, ndipo shangazi akakumbuka kuniambia kwamba mama alipokuwa akitibiwa Kyuso, mchoraji wa kanisa alimchora kwenye ukuta wa dispensari. Yeye ndiye mgonjwa ambaye Yesu anamshika mkono na kumwinua. Jamani, mtu anakaaje na neno kama hilo miaka yote hiyo? Chai yake sikuimaliza.

Kesho yake nilifunga kibanda nikashika njia ya Machakos. Kitui nililala nyumba ya wageni, kunguni wakala wakashiba. Sikujali. Nilikuwa na hamu ya mama.

Kutoka Mwingi nilipata lori lililokuwa likienda kuchukua magunia ya ndengu. Dereva akataka kujua naenda kwa nani. Nikamwambia naenda kumwona mama, naye akasema nimsalimie sana.

Kyuso tulifika jua likiwaka. Kina mama walikuwa wamepanga foleni barazani, na nyuma yao picha ilijaa ukuta mzima. Niliona kanzu ya Yesu, kitanda cha kamba, na mikono myembamba ya mgonjwa. Uso haukuwepo. Palikuwa na simiti tupu iliyong'aa.

Mama Kasyoka, mfagiaji wa pale, alinieleza bila haraka. Kila mgonjwa humgusa yule mwanamke usoni kabla ya kuingia kwa daktari. Mchungaji amekemea ibada za sanamu mpaka amechoka, lakini watu wanasema huyu aliinuka, nao wanataka kuinuka. Rangi imeisha kidogo kidogo viganjani mwao.

Hasira zilinipanda. Wageni hawa wamenimalizia mama! Na hakuinuka, alizikwa. Nilitaka kuwaambia hivyo wote wasikie.

"Huyu ni mama yangu," nikasema.

Foleni ikageuka. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mwenye homa akanitazama.

"Alipona?"

Kabla sijajibu, aliushika mkono wa mwanawe akaubandika shavuni mwangu. Ulikuwa wa moto kweli kweli. Nilitulia, nikamwacha anishike mpaka walipoitwa ndani. Wengine nao wakaanza kunisogelea, wanishike.

Niliporudi Kasikeu, shangazi aliniuliza kama nimemwona. Nilimwambia watu wa Kyuso wamegawana mama yangu, nami nimefika ameisha. Kwamba picha ya mgonjwa haikuchorwa kwa ajili ya mwanawe, hilo nimejifunza, na kinyongo nao sina. Lakini ningepewa ukuta ule ukiwa mpya, hata kwa dakika moja, nisingemruhusu mtu yeyote aukaribie.